Dr. Kamuzu Banda: alitibu wazungu London wakampenda, karudi kwao kawa vile. Nini kilimpata?

#1 Mwana wa Kiwira

Wakuu habari za jioni. Nipo Kyela kwa mzee wangu, umeme umekata tukakaa barazani, akaanza stori za Nyasa ya zamani na huyu Dr. Hastings Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi. Mi nilikuwa namjua Banda wa usinga na kofia tu, yule mzee wa suti ya vipande vitatu anayechezewa ngoma na kina mama. Kumbe jamaa alikuwa daktari kamili, kamaliza udaktari 1937 pale Meharry, Nashville, Marekani, akaenda Edinburgh kuchukua vyeti vya Uingereza, akafungua kliniki London ana wagonjwa kibao wengi wao wazungu, baadaye akahamia Kumasi, Ghana, ndo akarudi kwao Julai 1958 baada ya miaka 40 na kitu.

Sasa kinachonisumbua ni hiki. Uhuru wameupata tarehe 6 Julai 1964. Miezi mitatu haijaisha mawaziri wa maana karibu wote kawafukuza au wamejiuzulu wenyewe, na moja ya hoja zao ni kwamba huyu DAKTARI aliweka tozo ya peni tatu kwa mgonjwa wa nje akienda hospitali ya serikali, wenyewe waliita tiki. Mtu kasomea kutibu, anafungua uhuru kwa kumdai mgonjwa hela mlangoni, afu anaishia rais wa maisha. Nini kilimpata? Au alikuwa hivyo tangu mwanzo ila wazungu wa London hawakuwa na sababu ya kumjua?

#2 Shombo la Feri

Nimevuta kigoda, karanga zipo mkononi. Endeleeni.

#3 Mhenga wa Gerezani

Mleta uzi peni tatu kwa hela yetu ya wakati ule ni nusu ya thumni, usiione ndogo, mtu wa kijijini asiye na mshahara nusu ya thumni anaitafuta. Ila ile tiki haikuwa peke yake. Kulikuwa na ripoti ya Skinner iliyobana mishahara ya watumishi Waafrika, kulikuwa na wazungu kuendelea kukalia vyeo, na kulikuwa na urafiki na Mreno wa Msumbiji wakati sisi huku tunawapokea FRELIMO. Na zaidi ya yote alikuwa anawaita mawaziri wake vijana wangu, hadharani, watu wana wake na watoto. Hapo ndo palipouma kuliko tiki.

Akawafukuza Orton Chirwa, Kanyama Chiume na Bwanausi, wengine wakatoka kwa kuwaunga mkono, Chipembere akiwemo. Wengi walikuja Dar. Chiume ndo usiseme, alilelewa Tanganyika huyo, kasoma Tabora kisha Makerere, Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa mpaka akaandika vitabu kwa Kiswahili. Kwa hiyo hii si habari ya jirani tu, mabaki ya ule ugomvi tuliishi nayo mitaani.

#4 Nesi Mstaafu

Wanangu mimi siasa sijui sana ila madaktari nawajua, nimefanya kazi wodini miaka 31. Wa zama zile daktari akiingia raundi wodi nzima inanyooka. Sista mkuu mbele na mafaili kifuani, sisi nyuma tumepanga mstari, mgonjwa keshapandisha shati kabla hajaambiwa. Mgonjwa akithubutu kuuliza dawa hii ya nini anajibiwa wewe kunywa. Na si kwamba daktari ni mbaya, dawa ilikuwa sahihi na mtu anapona! Sasa mchukue mtu aliyeishi hivyo miaka 20, kila anachosema kinaandikwa kwenye faili na kutekelezwa, mpe nchi. Unategemea atawauliza wagonjwa maoni yao?

Ndo jibu langu mimi. Hakubadilika, alihamishwa wodi tu.

#5 Kichwa Ngumu

Shikamoo mama, ila hapo nakupinga kwa heshima. Kama udaktari ndo unaleta udikteta mbona Salvador Allende wa Chile alikuwa daktari, akawa waziri wa afya kijana kabisa 1939, na alichaguliwa kwa kura akafa kwenye mapinduzi 1973 bila kumfunga mtu mdomo? Mbona Agostinho Neto wa Angola daktari na mshairi juu?

#6 Mhenga wa Gerezani

@Kichwa Ngumu Allende sawa. Neto hapana, kasome habari ya tarehe 27 Mei 1977 na siku zilizofuata pale Luanda, waliuawa watu maelfu tena wa chama chake mwenyewe. Ushairi haukusaidia.

Mama Nesi mimi nakuongezea Duvalier wa Haiti. Yule alianza kwa kuzunguka vijijini kuchoma watu sindano za buba, masikini wakampenda mpaka wakamuita Baba Dokta, 1964 akajitangaza rais wa maisha. Na Houphouët-Boigny wa Ivory Coast naye alisomea udaktari Dakar, akakaa madarakani mpaka anakufa 1993, na kama Banda tu naye alitaka kuongea na makaburu wakati wenzake wote wamenuna. Siungi mkono nadharia yako asilimia mia ila orodha inatisha.

#7 Nesi Mstaafu

Marahaba @Kichwa Ngumu. Na huyo Allende mwanangu tusimsahau alikaa miaka mitatu tu.

#8 Shombo la Feri

Mama kamchoma sindano ya makalio bila spiriti 😂😂

#9 Bwana Kamba

Mnazunguka mbuyu. Yule hakuwa Banda. Banda wa kweli alifia ughaibuni, aliyerudi 1958 ni Mmarekani mweusi aliyechukua vyeti vyake. Ushahidi: mtu anarudi nyumbani kwao HAWEZI kuhutubia kwa lugha ya mama yake, anaongea Kiingereza anatafsiriwa na John Tembo mpaka anazeeka. Umri wake haueleweki, serikali inasema 1906 vitabu vingine 1898. Ndugu zake hawaonekani. Mke hana. Jiongezeni.

#10 Mpekuzi

Nilijua tu utakuja @Bwana Kamba. Uvumi huo wa kale na una shida moja kubwa. Miaka ya 30 mwanzoni Banda akiwa Chicago, mtaalamu wa lugha anaitwa Mark Hanna Watkins alikaa naye akamtumia kama mzungumzaji wake wa Kichewa, na sarufi iliyotokana na kazi hiyo ilichapishwa 1937. Yaani kuna kitabu kizima cha sarufi kimetoka mdomoni kwa mtu huyo mnayesema hajui lugha. Afu 1946 alishirikiana na mmisionari Cullen Young kuhariri kitabu cha habari za Wachewa.

Na hapo pana utamu wake. Huyo Cullen Young ndo yule inasemekana alimtoa kijana Banda kwenye chumba cha mtihani huko Nyasaland, ndo Malawi ya leo. Banda alikuwa mfupi, kakaa nyuma, akasimama ili aone ubao, akaambiwa anaibia. Kijana akaona isiwe tabu, akaondoka kwa miguu mpaka Rhodesia ya Kusini, akafanya kazi hospitali ya Hartley, kisha migodini Johannesburg, ndo huko Wamethodisti weusi wa Marekani wakampata na kumpeleka Wilberforce, Ohio, mwaka 1925. Miaka kama 30 baada ya mtihani ule anakaa meza moja na mwalimu aliyemfukuza wanahariri kitabu. Mtu kama huyo ana kisasi au hana? Mimi sijui.

#11 Bwana Kamba

Sarufi ya 1937 ni ya yule wa kwanza. Wa pili ndo hakujua. Hujajibu kitu.

#12 Mpekuzi

Haya mkuu, umeshinda 🙌

#13 Mama Chitenje

Poleni wote. Mama yangu ni Mchewa wa Kasungu, baba Mnyakyusa, kwa hiyo niacheni niseme kidogo. Hiyo ya lugha, nyumbani walikuwa wanasema Kichewa chake kilikuwa cha mtoto aliyeondoka mdogo, cha zamani, na yeye alikuwa na aibu ya kukosea mbele ya watu aliokuwa anawadai nidhamu. Mkae mkijua huyu ni mtu aliyejenga shule, Kamuzu Academy, ikafunguliwa 1981 pale Mtunthama karibu na mti aliofundishwa chini yake utotoni, na mtoto wa Kimalawi anasomeshwa Kilatini na Kigiriki na walimu wazungu. Ndo kichwa chake kilivyokuwa, akili ni ya ulaya ila mti ni wa kwetu.

Ila nyie wanaume mmesahau kitu kikubwa. Kwetu Wachewa ukoo unafuata mama. Wanawake wa ukoo wanaitwa mbumba, na mwenye kauli juu yao ni mjomba, nkhoswe, ndo anayesimamia ndoa zao na kesi zao. Banda alijiita Nkhoswe Namba Moja, mjomba wa wanawake wote wa nchi. Zile ngoma hazikuwa sarakasi, alikuwa anasema mimi ndo mjomba wenu. Na ukishakuwa mjomba waume zao ni nani? Wamekuja kuoa tu. Kwa hiyo mimi sisemi daktari wala Mzungu mweusi, nasema alichukua mila yetu akaivimbisha mpaka ikawa serikali.

Nyumbani kwa shangazi yangu Lilongwe picha yake ilikaa juu ya kila kitu ukutani. Saa ilikuwa chini ya picha, kalenda ya kanisa chini ya saa. Nilikuwa mtoto nikauliza kwa nini Yesu yuko chini, nikafinywa sikio hadi leo nalikumbuka.

#14 Mwana wa Kiwira

Dah asante sana dada @Mama Chitenje, hiyo ya mjomba sikuijua. @Mpekuzi mkuu we unaonekana una makabrasha, ni kweli London alikuwa anatibu masikini bure? Mzee wangu anashikilia hapo.

#15 Mpekuzi

Kuna chumvi hapo. Alikuwa na sifa ya huruma kweli, na alikuwa akisomesha vijana wa Nyasaland kwa hela yake. Lakini kumbuka matibabu ya bure ya serikali Uingereza yalianza tarehe 5 Julai 1948, kuanzia hapo mgonjwa wa mfumo huo hakuwa anamlipa daktari mfukoni, awe tajiri awe kapuku, serikali inalipa. Kwa hiyo kuanzia mwaka huo bure ile haikuwa yake, ilikuwa ya serikali ya Labour.

Ndo maana mimi tiki inanishangaza kuliko ninyi. Huyu alifanya kazi NDANI ya mfumo wa bure miaka kama mitano, aliuona kwa macho ukifanya kazi.

Na msisahau kwa nini alibaki Uingereza. Alitaka kurudi kama daktari wa misheni, manesi wazungu wa Livingstonia, misheni ya Waskoti huko kwao, wakaandika kwamba hawatafanya kazi chini ya daktari mweusi. Wakati wa vita akaishia kutibu kaskazini ya Uingereza huko North Shields kwenye misheni ya mabaharia weusi, ndo akaja Harlesden, London.

#16 Buda wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Hapo kwa kukaa nje sana ndio pointi yangu. Kenyatta wetu alikaa Uingereza karibu miaka 15 akarudi 1946 na tabia zake, huyu wenu amekaa nje 40 na zaidi, ameondoka hajaota ndevu. Anarudi kila mtu anamjua kwa jina na yeye hamjui yeyote. Mtu kama huyo hawezi kuwa na rafiki wa kumwambia wee Banda acha ujinga. Wale mawaziri wengi walikuwa na miaka 30 na kitu, yeye karibu 60 au zaidi, hao ni wajukuu bana.

#17 Kichwa Ngumu

Nyote mnakwepa habari ya mama French 😀 Mzee wa kanisa la Scotland, mzee kabisa wa kikao, ila London kaishi na mke wa mtu mpaka mume akampeleka mahakamani kwenye kesi ya talaka, na huyo mama akamfuata hadi Kumasi. Halafu mtu huyohuyo anakuja kupiga marufuku suruali na sketi fupi kwa wanawake. Ndo wale wale.

#18 Nesi Mstaafu

Mwanangu mambo ya chumbani kwa mtu waachie wenyewe. Ila ya kwamba aliyekula asali ndiye anayekataza watu mizinga, hilo nimeliona kwa wengi si kwa Banda tu.

#19 Mtoto wa Mbamba Bay

Mnaongea Banda bila kutaja ZIWA?? Huyu ndo aliyesema ziwa lote ni lake mpaka ufukweni kwetu, tunaogea maji ya Malawi! 1967 Tanzania ikasema mpaka upite katikati, mwaka uliofuata akaongeza kudai na ardhi yetu na ya Zambia.

#20 Buda wa Likoni

Lakini ule mkataba wa Mwingereza na Mjerumani wa 1890 unasema ufuoni, si yeye aliyeuandika.

#21 Mtoto wa Mbamba Bay

Wewe una bahari nzima huko Likoni unatufuata kwenye dimbwi letu la nini. Mkataba wa wakoloni unaupenda leo?

#22 Shombo la Feri

Wapeni samaki hawa wanyamaze. Mbasa au chambo? Jibuni tupige kura.

#23 Mhenga wa Gerezani

Ziwa lifungulieni uzi wake, hata Chissano, rais mstaafu wa Msumbiji, kawekwa msuluhishi na bado lipo palepale.

Nirudi kwa mleta uzi, maana kuna jambo halijasemwa. Wale vijana ndio waliomtengeneza. Kabla hajarudi Chipembere alimwandikia barua kwamba watu wanahitaji shujaa wa kumwamini, kwa hiyo wamtangaze kama mkombozi, na asiogope akiona anakuzwa. Alipotua Chileka, Blantyre, tarehe 6 Julai 1958 keshakuwa masihi kabla hajafungua begi. Mwezi wa nane pale Nkhata Bay wakampa urais wa Congress, chama cha kudai uhuru, na mamlaka ya kuteua viongozi wengine wote peke yake. Wamempa wao! Machi 1959 Mwingereza akatangaza hali ya hatari, wakauawa watu 51, Nkhata Bay peke yake 20, Banda akafungwa gereza la Gwelo, Rhodesia ya Kusini, Orton Chirwa akatoka mapema akaanzisha Malawi Congress Party, akaitunza kama mtu anavyomshikia mwenzie siti kwenye basi, Banda alipotoka Aprili 1960 akamwachia akae.

Huyo Orton aliyemshikia siti ndo yuleyule alitekwa mpakani mwa Zambia mkesha wa Krismasi 1981 pamoja na mkewe Vera, wakahukumiwa kunyongwa, ikabadilishwa kifungo cha maisha, akafia gereza la Zomba Oktoba 1992. Walikaa Dar miaka hao, wanasheria wote wawili.

#24 Mchumi wa Kariakoo

Naona wote mnatafuta tabia, mimi natafuta hela. Nchi haina bahari, haina madini ya maana, reli inapita kwa Mreno, vijana wapo migodini kwa kaburu. Ungemfanya nini Mreno? Yeye akaenda kinyume na wote, 1967 akafungua ubalozi na Afrika Kusini, 1970 Vorster, waziri mkuu wa makaburu, akaja kumtembelea, na mkopo wa kuanza kujenga Lilongwe ukatoka hukohuko, makao makuu yakatoka Zomba yakahamia huko Lilongwe 1975. Hata tiki yako mleta uzi ni hesabu tu, bajeti yake ilikuwa inazibwa na Mwingereza na alitaka kujitoa. Ukatili ni suala jingine, simtetei.

#25 Mama Chitenje

Mchumi kaka yangu, hesabu ya Mashahidi wa Yehova uliifanya? Walipigwa marufuku 1967, wakachomewa nyumba, wakakimbilia Zambia na Msumbiji kwa sababu hawakununua kadi ya chama. Kadi! Na wale wanasiasa wanne wa Mwanza ya Malawi 1983, kina Gadama na Matenje, waliosemwa wamekufa kwa ajali ya gari? Kesi yake Banda alishinda Desemba 1995, sawa, mahakama imesema, lakini wajane wanajua walichokizika.

#26 Mchumi wa Kariakoo

Ndo maana nimesema simtetei dada. Na 1993 wananchi walipokataa chama kimoja, na 1994 Muluzi alipomshinda, alikubali akaondoka. Duvalier hakuondoka.

#27 Bwana Kamba

Aliyekubali ni Mmarekani ndo maana 😎

Ila stori ya kweli sasa, mjomba wangu alikuwa na afro 1976, afro hasa, ile ya kuchomekea chanuo. Kafika mpakani anaenda kumuona mchumba upande wa pili, wakamkalisha kwenye kiti cha mbao, wakamkata kipande cha kulia kwanza, mkasi ukagoma. Kavuka na nusu kichwa. Mchumba akamkataa. Kwa hiyo mimi nipo hapa natukana tu kwa niaba ya familia.

#28 Nesi Mstaafu

Nimecheka peke yangu hadi mjukuu kaja kuuliza.

#29 Mama Chitenje

Hahaa pole @Bwana Kamba. Sisi mama alikuwa anabeba chitenje kwenye mkoba hata kama amevaa gauni refu. Kabla basi halijafika mpakani wanawake wote waliovaa suruali wanasimama, vitenge vinapita kwa mikono kutoka siti za nyuma, hakuna anayeuliza ni cha nani. Wakirudi vinakusanywa. Mama alikuwa na viwili vya kuazimisha tu, kimojawapo kilikuwa na sura ya Banda mwenyewe kifuani, anasema hicho ndo kilikuwa kinapita haraka kuliko vyote.

#30 Mwana wa Kiwira

Wakuu umeme umerudi. Nimemsomea mzee posti zenu zote, ya mama Nesi ameikubali, ya Kamba ameomba nirudie mara mbili. Sasa kanipa kitu ambacho hakunipa mwanzo. Anasema mwisho wa 1964 ama 65 mwanzoni, yeye bado kijana, babu alimpokea dresa mmoja aliyevuka Songwe usiku akikimbia vijana wa chama, akalala kwenye stoo yetu ya mpunga karibu miezi minne. Watu wa kijiji walikuwa wanamletea watoto awaangalie, vidonda, masikio, malaria, hadai kitu. Alikuja na mkebe wa bandeji na Biblia. Siku moja mzee kaichukua Biblia asome akadondosha picha, imekatwa gazetini, Banda huyo, anashuka ndege Chileka 1958.

Nikamuuliza sasa mbona aliitunza na ndo anamkimbia? Mzee kasema hawakumuuliza, aliirudisha kwenye Zaburi pale ilipokuwa.